Mkasi wa bakteria wawapa tumaini wagonjwa wa seli mundu

MZAZI anayemlea mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu anaujua usiku ambao mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa hadi alfajiri. Ugonjwa huu wa kurithi huwapata wengi Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako malaria imekuwapo tangu jadi. Huenda msomaji ukashangaa kusikia kwamba tiba yake mpya imetokana na bakteria anayesababisha maumivu ya koo.

Bakteria huyo huitwa Streptococcus pyogenes. Yeye pia hushambuliwa na virusi, na ili kujikinga ana protini iitwayo Cas9, ambayo kazi yake ni kukata DNA ya adui.

Je, protini hii imeumbwaje? Ina sehemu mbili kubwa zinazokabiliana mithili ya viganja, na katikati mna mfereji. Humo hukaa uzi wa RNA wenye herufi 20 zinazolingana na za virusi waliowahi kumvamia bakteria. Uzi huo ndio kielekezi.

Cas9 huipapasa DNA ikitafuta alama fupi, yaani herufi mbili za G zilizofuatana. Ikiipata, hutenganisha nyuzi mbili za DNA na kulinganisha herufi zake na za kielekezi. Zisipooana, huiachilia. Zikioana, makali yake mawili hukata, kila moja uzi wake, herufi 3 kutoka kwenye alama. Mahali bakteria anapohifadhi kumbukumbu za virusi katika DNA yake hapana alama hiyo, na ndiyo sababu hajikati mwenyewe.

Mwaka wa 2012, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kuwa kielekezi chaweza kutengenezwa maabarani ili Cas9 ikate mahali anapotaka mtaalamu. Walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2020.

Katika tiba iitwayo Casgevy, seli za mgonjwa zinazozalisha damu hutolewa, na Cas9 hukata swichi ya jeni ya BCL11A. Jeni hii ndiyo huizima himoglobini ambayo mtoto hutumia akiwa tumboni. Swichi ikikatwa, himoglobini hiyo hurejea na chembe nyekundu hazijikunji kama mundu. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani Desemba mwaka huo. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kushikwa na maumivu makali.

Lakini usikimbilie kuuza shamba. Nchini Marekani bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2. Isitoshe, kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wa zamani, na dawa hiyo yaweza kumfanya tasa.

Kwa hivyo, yaliyo karibu nawe yasidharauliwe. Mpime mtoto mapema. Akigunduliwa, apewe penisilini kila siku hadi afikishe miaka 5, achanjwe, akingwe dhidi ya malaria na anywe maji mengi. Muulize daktari kuhusu hidroksiyurea, dawa ambayo hupunguza maumivu. Akipata homa, mpeleke hospitalini bila kungoja kuche.

Nanyi mnaopanga kuoana, pimeni damu kwanza.