Divai, Mvinyo na Tembo: Jina na Kitu Chenyewe

Kinywaji kitokanacho na maji ya zabibu yaliyochachuka kina majina mawili katika Kiswahili sanifu, divai na mvinyo, na yote mawili yaliletwa na wageni. Mvinyo ni vinho ya Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na kuiachia lugha maneno mengine kama meza na gereza, ilhali divai ni du vin ya Wafaransa, ambamo kijineno kinachotangulia nomino kimemezwa na nomino yenyewe hata hakitambulikani tena. Jina la tunda nalo lina habari yake, kwa kuwa zabib katika Kiarabu ni zabibu iliyokaushwa, na ile mbichi huitwa inab; kwamba Waswahili walichukua jina la kavu na kulitumia kwa zote mbili ni dalili kuwa tunda hili lilizoeleka kwanza kama bidhaa ya majahazi, kabla mzabibu wenyewe haujajulikana.

Maneno mawili kwa kitu kimoja ni nadra kukaa pamoja bila kugawana kazi, lakini haya hayakugawana vizuri. Kamusi za zamani ziliufafanua mvinyo kama kileo kikali, yaani hata kile kinachopatikana kwa kukenekwa, ambacho leo huitwa pombe kali, na divai ikabaki na maana ya kinywaji cha zabibu. Hata hivyo Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, hutumia maneno yote mawili mahali ambapo Kigiriki kina neno moja tu, oinos: kinywaji cha arusi ya Kana ni divai, wakati kile ambacho Waefeso wanaonywa wasilewe nacho ni mvinyo. Msomaji anaweza kudhani kuwa divai ni jina la kheri na mvinyo ni jina la shari, mpaka akutane na Timotheo akishauriwa kutumia mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Sheria za dini zimelazimika kuwa makini zaidi kuliko kamusi. Katika fikihi ya Kiislamu wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wanashika kwamba khamr ni kila chenye kulevya, hata kitoke kwenye tende, asali au nafaka, ingawa Abu Hanifa aliitofautisha ile ya zabibu na vileo vingine katika baadhi ya hukumu. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani inaposema ulevi badala ya kutaja kinywaji fulani, inaelekea upande wa walio wengi, kwa sababu kinachotazamwa ni athari, wala si tunda. Kanisa Katoliki limesimama upande wa pili kabisa: kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika, kwa hiyo hakuna tembo wala mbege, hata iwe safi namna gani, iwezayo kushika nafasi yake altareni.

Wataalamu wa vinywaji hutumia kipimo cha tatu, nacho ni mahali sukari ilipotoka. Hamira, kijimea kisichoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya ukaa. Nafaka haina sukari ya kutosha bali ina wanga, na ndiyo maana mpishi wa pombe hulazimika kwanza kuotesha kimea ili wanga huo ugeuke sukari. Lakini maji ya tunda na utomvu wa mti huwa na sukari tayari, na hamira huanza kazi bila kusaidiwa. Kwa kipimo hiki tembo la mnazi na ulanzi wa Iringa na Njombe, unaogemwa kwenye machipukizi ya mianzi msimu wa mvua, ni ndugu wa divai kuliko walivyo ndugu wa pombe ya mtama, na mbege ya Kilimanjaro, yenye ndizi na kimea cha ulezi, ina mguu mmoja huku na mmoja kule.

Udugu huo hauondoi tofauti moja kubwa, ambayo mgema huijua vizuri kuliko mtu yeyote. Anapokata kwa kotama ncha ya karara ambalo halijafunguka na kutundika kibuyu chake, utomvu huanza kuchachuka ungali juu ya mti, ukashuka mtamu asubuhi, ukawa mkali jioni, na baada ya siku chache ukageuka siki. Zabibu huepuka haraka hiyo kwa sababu ina ugwadu mwingi unaozuia bakteria, na maji yake yakiwa yameiva vyema hubeba gramu 200 za sukari au zaidi kwa lita. Kwa kuwa takribani gramu 17 hutoa asilimia moja ya kileo, divai hufikia asilimia 12 hivi, kiasi ambacho, ikifungiwa hewa isiingie, huilinda kwa miaka.

Rangi, ambayo wanywaji wengi huiona kuwa ndiyo aina, haitoki mahali wanapodhani. Ukikamua zabibu nyeusi, maji yake kwa kawaida huwa meupe, kwani rangi imo kwenye ganda. Divai nyeupe huchachushwa baada ya maganda kuondolewa, ya rangi ya waridi huachwa nayo kwa saa chache tu, na nyekundu huchachuka pamoja nayo kwa siku nyingi, huku hewa ya ukaa ikiyapandisha juu yakawa tabaka zito ambalo mfanyakazi hulizamisha kila siku ili lisikauke na kuoza. Ganda hilo na mbegu ndizo zinazotoa pia tanini, ule ukakasi unaoufanya ulimi ukauke kama mtu aliyeng'ata bibo. Aina nyingine zinaelezeka upesi: yenye povu huchachushwa mara ya pili na kufungiwa hewa yake ndani, na iliyoongezwa kileo, mfano wa ile ya Porto, hutiwa pombe iliyokenekwa kabla sukari haijaisha, hamira ikafa na utamu ukabaki.

Huko Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mambo haya yote yana mkulima wake. Mzabibu wa Ulaya hulala usingizi wakati wa baridi, lakini Dodoma haina baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na miezi minne hivi baadaye huvuna, jambo linalomwezesha kupata mavuno mawili kwa mwaka kutoka mche uleule wa Makutupora nyekundu au Chenin Blanc. Serikali imeongeza maana yake pia, kwani sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania hutoza kiwango nafuu mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini, ikahesabu asili ya shamba ambapo Uislamu unahesabu ulevi na Kanisa linahesabu tunda.

Mkulima mwenyewe hana haja sana na divai wala mvinyo. Zabibu aliyoichuma leo haimsubiri mnunuzi zaidi ya siku chache, kwa hiyo isipochukuliwa mapema huisindika na kuihifadhi matangini, na kile kilichomo matangini, ambacho bado hakijasafishwa wala kutiwa chupani, Dodoma nzima inakiita mchuzi wa zabibu.