Gofu: kwa nini nguvu za mikono hazipeleki mpira mbali

Kijana wa Kagoma akipata kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu wa jeshi, Lugalo, Dar es Salaam, ipo siku atatamani kupiga mwenyewe. Tumweleze jambo moja mapema.

Wanaoanza hupiga kwa nguvu za mikono. Lakini mpira wa gofu hauzidi gramu 46, na fimbo huugusa kwa muda usiofika sehemu ya 1,000 ya sekunde. Hapo huwezi kurekebisha kitu. Mwili uwe umejipanga kabla.

Tumtazame mzoefu akifyeka nyasi za rweya. Hakabi mpini. Anageuza kiuno, fyekeo linapita lenyewe. Asiyezoea hutumia mikono. Jioni mgongo unauma na nyasi bado zimesimama.

Gofu ni hivyo hivyo. Tanua miguu upana wa mabega, kunja magoti kidogo, shika fimbo bila kuikaba. Geuza mabega, rudi ukianzia kiunoni, uzito uhamie mguu wa mbele, macho yabaki kwenye mpira. Anza kwa nusu ya nguvu. Na kabla ya kupiga, hakikisha hakuna mtu karibu: fimbo na mpira huumiza.