Baiskeli ya Mlima Katika Nchi ya Tambarare

Ndugu msikilizaji, ukifika Bariadi siku ya mnada, tembelea pale mafundi baiskeli walipo. Utakuta baiskeli za mtumba zenye gia, tairi nene zenye meno na usukani ulionyooka. Huko zilikotoka huitwa baiskeli za mlima. Ukiinua macho kuutafuta huo mlima, huuoni. Unaona tambarare, mashamba ya pamba, migunga, na hapa na pale kilima cha mawe kilichosimama peke yake. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama wananchi hawa hawauziwi kitu kisichowafaa. Leo nataka kulijibu swali hilo, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko baiskeli.

Tuanze na asili ya chombo chenyewe. Katika miaka ya 1970, vijana wa jimbo la California, Marekani, walichukua baiskeli za zamani za tairi nene wakawa wanateremka nazo milimani kaskazini ya San Francisco. Mwaka 1976 walianza mashindano katika njia moja karibu na mji wa Fairfax. Breki zilipata moto hata grisi ikaungua, ikabidi kujaza nyingine kila walipofika chini. Ndiyo maana njia hiyo ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza kwa wingi baiskeli iliyoitwa Stumpjumper. Tangu hapo aina hiyo imeenea dunia nzima, na zikishachakaa huko ng'ambo, nyingine hutufikia sisi kama mitumba.

Sasa tuje Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni nchi ya Wasukuma, na Wasukuma wanaifahamu ardhi yao kwa majina. Kwenye miinuko kuna luseni, udongo wa kichanga. Chini kidogo kuna itogolo, ardhi ngumu iliyokazana kama sakafu. Bondeni kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Mwendesha baiskeli anayetoka kijiji kimoja kwenda kingine huweza kupita aina zote tatu kabla jasho halijamkauka.

Hapo ndipo tairi nene inapopata kazi. Mtazame mtu aliyevaa viatu vya kisigino chembamba na mwingine aliyevaa kandambili, wote wakipita kwenye mchanga. Wa kwanza anazama, wa pili anapita juu. Uzito wao unaweza kuwa sawa, lakini wa kandambili umetandazwa mahali papana. Tairi ya baiskeli ya kawaida ina upana wa sentimita 4 hivi, na hujazwa upepo mpaka ikawa ngumu. Tairi ya baiskeli ya mlima ina sentimita 5 au zaidi, na unaweza kuipunguza upepo kidogo unapoingia kwenye luseni. Ikilala vizuri, inaelea. Kwenye itogolo au lami unaijaza tena, isije ikakuchosha bure. Kwa hiyo pampu ni sehemu ya safari, usiiache nyumbani.

Gia nazo zina mlima wao katika tambarare, na mlima huo ni upepo. Mwenye kupanda kilima anajua kwamba kuna kilele, kisha atateremka. Mwenye kupambana na upepo wa uwandani hana kilele. Hewa ikikupiga kwa kasi maradufu, nguvu inayokurudisha nyuma huwa mara 4. Gia haikupunguzii kazi yenyewe. Inaigawa vipande vidogo, kama vile mtu anavyobeba gunia la mahindi debe moja moja badala ya kulibeba lote kwa mara moja. Waholanzi, ambao nchi yao ni bapa na imejaa mifereji, waliugeuza upepo kuwa mchezo. Tangu mwaka 2013 wamekuwa na mashindano ya kukabili upepo mkali juu ya ukuta wa bahari uitwao Oosterscheldekering, kilomita 8 na nusu, kwa baiskeli zisizo na gia hata moja. Kwao ni kicheko. Kwa mama anayetoka mnadani na mzigo nyuma, si kicheko hata kidogo.

Lakini nisije nikaonekana naidharau baiskeli ya kawaida. Phoenix ya Kichina imeijenga Kanda ya Ziwa. Imebeba pamba, maji, wagonjwa na maharusi. Katika miji kama Shinyanga, baiskeli za abiria ziliitwa daladala, na vijana wengi walijipatia riziki kwazo. Ubora wake mkubwa ni kwamba fundi wa kijijini anaijua. Ana spana, nyundo, gundi na vipande vya tyubu kuukuu, na kwa hivyo tu baiskeli inarudi barabarani. Baiskeli ya mlima ikivunjika kile kidude cha kuhamisha mnyororo, huenda kipuri kisipatikane mpaka Mwanza.

Kwa hiyo, ushauri wangu kwa anayetaka kununua ni huu. Tafuta fremu ya chuma, maana chuma kinachomeka kwa welding yoyote. Jiepushe na zile zenye springi mbele na nyuma za bei rahisi. Springi hizo zinakula nguvu za miguu, na vumbi linaziua mapema. Gia chache za nyuma zinatosha kabisa. Hakikisha panakaa keria imara. Angalia nafasi kati ya tairi na fremu, kwa sababu tope la mbuga likijaa pale, gurudumu haligeuki, na hapo baiskeli ndiyo itakayokupanda wewe. Tembea na tyubu ya akiba, kwani miiba ya migunga haibagui mtumba wala mpya.

Kwa wewe wa mjini unayetaka kwenda kuona nchi, ni safari rahisi kuliko unavyodhani. Nenda kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na njia za ng'ombe zimekauka. Ondoka alfajiri. Kufikia saa nne jua limeshapanda, na mchana upepo huchachamaa. Uliza njia kwa wenyeji, na usikaribie upande wa Serengeti na pori la akiba la Maswa, kwani huko wenye njia ni tembo na simba. Nami nakuhakikishia jambo moja. Mwendo wa baiskeli unakuruhusu kuitikia kila "Mwangaluka" unayosalimiwa njiani. Ndani ya basi husalimiwi na mtu.

Ndugu msikilizaji, nilisema kuna jambo kubwa kuliko baiskeli. Siku hizi Bariadi imeunganishwa kwa lami. Iko barabara inayotoka Lamadi, yenye kilomita zaidi ya 70, na nyingine inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa. Ni maendeleo, na hakuna anayeyakataa. Mgonjwa anafika hospitali mapema, na pamba inafika kiwandani. Lakini kwa mwenye baiskeli lami ina sura mbili. Inamwondolea mchanga na tope, ikamletea basi na lori vinavyompita kwa kasi karibu na bega lake. Tambarare inayomfanya yeye apige pedali kwa urahisi ndiyo hiyo hiyo inayomfanya dereva akanyage mafuta bila kufikiri. Hakuna kona wala mteremko wa kumkumbusha.

Wengi hudhani Waholanzi wanapanda baiskeli kwa salama kwa sababu nchi yao ni bapa. La hasha. Mwaka 1971 nchi hiyo iliyo bapa ilipoteza watu 3,300 hivi barabarani, na zaidi ya 400 miongoni mwao walikuwa watoto. Wazazi walitoka mitaani wakapiga kelele kwamba watoto wao wanauawa. Ndipo serikali na miji ikaanza kutenga njia za baiskeli, mwaka baada ya mwaka. Ubapa wa ardhi walikuwa nao siku zote. Usalama waliudai na kuujenga.

Na sisi tunayo sababu ya kudai. Nchini Zambia wasichana wa vijijini waliokaa mbali na shule walipewa baiskeli, na watafiti wakawafuatilia. Siku walizokosa masomo zilipungua kwa asilimia 28, na muda wa njiani ukapungua kwa thuluthi moja. Binti wa Itilima au Meatu anayetembea kilomita nyingi kwenda shule ana miguu kama ya yule wa Zambia. Lakini hakuna mzazi atakayempandisha bintiye baiskeli kama njia pekee iliyobaki ni ukingo wa lami.

Haihitaji miujiza. Barabara inapochorwa, bega lake liwe pana, na ile njia ya vumbi iliyo pembeni isizibwe kwa mawe na mitaro. Njia za zamani za ng'ombe zinazounganisha vijiji zisilimwe mpaka zikapotea. Na wewe msafiri uliye ndani ya basi, unapomsikia dereva akipiga honi kumfukuza mwenye baiskeli porini, usikae kimya. Mwambie apunguze mwendo. Nauli uliyolipa inakupa haki ya kusema.

Basi, jibu la swali letu ni kwamba baiskeli ya mlima inaifaa tambarare, tena sana, kwa mwenye kujua kuchagua tairi, kuchagua saa na kuchagua njia. Tatizo ni kwamba njia haichaguliwi na mpanda baiskeli peke yake. Inachaguliwa na mhandisi, na diwani, na dereva, na abiria aliyenyamaza. Ardhi imeshatimiza wajibu wake kwa kujinyoosha. Kazi iliyobaki ni yetu.