SUMU ZISAFIRIZO KWA UPEPO: ADUI ASIYEULIZWA HATI MPAKANI

Askari hufundishwa tangu siku za mwanzo za mafunzo kwamba kila apitaye huacha nyayo. Majani yaliyolala, majivu ya moto na matope yaliyokanyagwa vyote ni ushahidi kwa mwenye macho. Lakini yuko adui aingiaye nchini bila kukanyaga ardhi, asiyesimamishwa na kizuizi cha barabarani wala kuulizwa hati ya kusafiria pale Malaba, Busia au Katuna. Adui huyo ni kemikali sugu: zile dawa za kuulia wadudu na mafuta ya viwandani ambayo yakishamwagwa hukaa miaka mingi bila kuoza, na husafiri angani kutoka bara moja hadi jingine. Yafaa kila mlinzi wa nchi afahamu jinsi wataalamu wanavyomfuata adui huyu, na ni wajibu gani unaotuangukia sisi.

SILAHA ILIYOSIFIWA

Mfano ulio wazi zaidi ni DDT. Nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Majeshi yalikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1943 na 1944, majeshi ya Washirika yaliwanyunyizia watu wa mji wa Naples, Italia, na homa iliyoenezwa na chawa ikakomeshwa.

Hapa Uganda dawa hiyo ilimiminwa katika Mto Nile huko Jinja katika miaka ya 1950 ili kuangamiza usubi, mdudu aletaye upofu. Tangu mwaka 1959 ilipulizwa majumbani Kigezi ya kaskazini kupambana na malaria. Haki yake lazima itambuliwe: iliokoa maisha ya watu wengi. Waliyoitumia wakati huo hawakuwa na habari kamili ya mahali ilikoelekea baada ya kazi kwisha.

MWENDO WA PANZI

Kemikali hizi zina tabia moja ya ajabu. Penye joto hugeuka mvuke na kupanda hewani, kisha upepo huzichukua. Zinapofika penye baridi hugandamana na vumbi au kushuka na mvua. Jua likiwaka tena, huinuka na kuendelea na safari. Wanasayansi huulinganisha mwendo huo na kuruka kwa panzi. Mwaka 1993 Frank Wania na Donald Mackay walieleza jinsi mruko baada ya mruko unavyozisogeza sumu hizi kutoka nchi za joto hadi nchi za barafu, ambako hukwama. Milima mirefu nayo huzinasa kwa ubaridi wake.

Ushahidi upo. Mwaka 1968 ilitangazwa kwamba vumbi lililotegwa katika kisiwa cha Barbados, likiletwa na pepo za kudumu kutoka upande wa Ulaya na Afrika, lilikuwa na chembe za DDT. Sumu ilikuwa imevuka Bahari ya Atlantiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980, maziwa ya akina mama wa Kiinuiti huko Nunavik, kaskazini mwa Quebec nchini Kanada, yalionekana kuwa na PCB, yaani yale mafuta ya mitambo ya umeme, mara tano hivi kupita ya akina mama wa kusini mwa jimbo hilo. Akina mama hao hawakuwa na viwanda wala mashamba. Sumu iliwafikia kupitia mafuta ya wanyama wa baharini, ambao ndio chakula chao.

Bahari ya Hindi nayo ina barabara yake ya hewa. Wakati wa kusi, upepo mkali hupita pwani ya Kenya, huvuka ikweta, hupinda Somalia na kuelekea Bara Hindi. Wakati wa kaskazi njia hugeuka. Askari wa Uganda, ambao walianza kupelekwa Mogadishu mwaka 2007, wanaujua upepo huo kwa nyuso zao. Mtu akinyunyiza dawa katika upande mmoja wa bahari, asidhani kwamba upande wa pili hauna habari.

UPELELEZI WA HEWA

Namna ya kumnasa adui huyu ni sahili kueleza, ingawa kazi yenyewe ni ngumu. Pampu huvuta hewa nyingi na kuipitisha katika chujio na sponji, kisha sponji hupelekwa maabara. Kati ya mwaka 1999 na 2010, wataalamu wa Uganda na wenzao wa Kanada walikusanya hewa na mvua kwa vipindi mbalimbali Kakira na Entebbe, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Victoria. Walikuta DDT, endosalfani na dawa nyingine za mashambani. Katika Mlima Kenya, kituo kilichojengwa mita 3,678 juu ya usawa wa bahari kimetumika pia kutegea sumu hizi, kwa kuwa kiko mbali na mashamba na miji.

Baada ya kunasa huja kuhoji. Kwa kumbukumbu za pepo, wataalamu hukokotoa hewa ile ilipita wapi siku tano zilizotangulia, kama mpelelezi afuatiliaye hatua za mtuhumiwa kinyumenyume. Kemikali yenyewe nayo hutoa ushahidi wa umri wake. DDT ikikaa sana hugeuka DDE. Ikionekana DDT nyingi na DDE kidogo, imemwagwa karibuni. DDE ikizidi, ni masalio ya zamani.

ZIWA NA SAHANI YETU

Kwa nini haya yatushughulishe Kampala? Karibu asilimia 80 ya maji yaingiayo Ziwa Victoria ni mvua iangukayo juu ya ziwa lenyewe. Kilichomo angani hushuka majini. Huko sumu hujikusanya katika mafuta ya viumbe, na kuongezeka kila mdogo aliwapo na mkubwa, hata kumfikia sangara, au mputa kama tuitavyo hapa, na mlaji wake. Tukumbuke pia mwaka 1999, Soko la Ulaya lilipofungiwa samaki wa ziwa hili baada ya wavuvi waovu kuvua kwa kutumia sumu. Wananchi wengi wasio na hatia walipoteza riziki.

Mataifa yalitia saini Mkataba wa Stockholm mwaka 2001, yakianza na kemikali 12, na Uganda ikajiunga mwaka 2004. Endosalfani iliongezwa mwaka 2011. DDT iliruhusiwa kwa kudhibiti wadudu waletao maradhi tu. Hata ruhusa hiyo ilizua mzozo: mwaka 2008 ilipulizwa Apac na Oyam, wafanyabiashara wa pamba isiyo na kemikali wakaenda mahakamani, na kazi ikasimamishwa. Hakuna upande uliokuwa na jambo dogo. Malaria huua, na pamba ni karo na chakula cha mkulima.

WAJIBU WETU

Polisi wa mpakani na sokoni awe macho kwa dawa zilizopigwa marufuku, hasa zile za chupa zisizo na maandishi. Mwizi wa mafuta ya transfoma asichukuliwe kuwa mwizi wa kawaida, kwa kuwa mafuta ya mitambo ya zamani huweza kuwa na PCB. Kambini, tuache kuchoma plastiki na matairi, maana moshi wake huzaa dayoksini, sumu iliyomo katika mkataba huo huo. Anayelinda doria ziwani akimkamata mvuvi wa sumu, ajue kwamba amelinda sahani za wengi.

Upepo haukamatwi wala hautiwi pingu. Kilicho mikononi mwetu ni chanzo chake, na wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta.