Mkate wa Tabaka Tatu

Mvua zinaponyesha katika nchi ya Singida, majani huota na ng'ombe hutoa maziwa mengi kuliko siku za kiangazi. Nyumba nyingi huyagandisha yasiharibike. Lakini mtindi nao una siku zake, ukikaa sana huwa mkali hata watoto huukataa. Leo twataka kueleza njia moja ya kuutumia pamoja na unga wa uwele, mafuta ya alizeti na asali, navyo vyote vyapatikana kwetu.

Katika Marekani watu huoka mkate mtamu wa tabaka tatu. Chini na juu ni oti, nafaka ya nchi za baridi. Katikati ni jibini laini ya malai. Jibini hiyo ilianza kutengenezwa katika jimbo la New York miaka ya 1870, na tangu mwaka 1880 imeuzwa kwa jina la Philadelphia. Ni ya kununuliwa, tena hapana budi kuiweka penye baridi. Lakini tukichunguza twaona kwamba jibini hiyo ni malai na maziwa yaliyogandishwa kwa uchachu, kisha yakaondolewa maji. Mwenye mtindi aweza kufanya kitu kilicho karibu nayo.

Basi chukua lita 2 za maziwa, uyachemshe kwanza ili kuua vijidudu vya maradhi. Yakipoa hata yawe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi mzuri, ufunike. Yakiisha kuganda, yamimine katika kitambaa safi kilichochemshwa, ukitundike usiku kucha. Maji yatadondoka, na asubuhi utakuta mtindi mzito. Usifanye haraka hapa: maji yakibaki, yatalowesha tabaka la chini, na mkate utakuwa kama uji.

Kwa nini uwele? Unga wa ngano una ulimbo unaovutika na kushika hewa, ndiyo sababu mkate wake huumuka. Uwele hauna ulimbo huo. Lakini mkate huu hauhitaji kuumuka, kwa hiyo upungufu wa uwele si hasara hapa.

Kaanga vikombe 2 vya unga wa uwele bila mafuta, juu ya moto mdogo, mpaka unukie. Ukipoa, changanya na chumvi kidogo, nusu kikombe cha mafuta ya alizeti na vijiko 4 vikubwa vya asali. Weka theluthi moja kando. Iliyobaki ishindilie kwa nguvu katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta.

Kisha tayarisha tanuri yako. Twaa sufuria kubwa, utie mchanga mkavu chini, uiweke juu ya makaa machache. Ingiza sufuria ndogo, funika ile kubwa, na palia makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Fanya kazi hii nje au penye hewa, kwa maana hewa ya makaa yaweza kuua mtu chumbani.

Tabaka la chini lioke peke yake dakika 10, ili likauke. Ndipo umimine vikombe 2 vya mtindi mzito uliokorogwa na mayai 2, vijiko 3 vikubwa vya asali na kijiko 1 cha unga. Nyunyiza juu ule unga uliowekwa kando, bila kuushindilia. Oka kwa moto wa taratibu muda wa dakika 40 hivi. Mayai ndiyo yanayoshika tabaka la kati. Moto ukizidi, hukaza mno, yakatoa maji, na mkate ukapasuka. Ukitikisa sufuria na katikati ikatetemeka kidogo tu, epua.

Sasa subira ya mwisho: usikate mpaka upoe kabisa. Tabaka la kati huendelea kukaza likipoa, na mwenye pupa hupata makombo. Kata vipande kwa kisu kilicholoweshwa maji, mle siku ile ile, maana mayai na maziwa hayakai katika joto. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, kwa sababu asali yaweza kumdhuru.

Mtindi uliokuwa karibu kumwagwa waweza kuwa chakula cha kumkaribishia mgeni, iwapo mpishi atakumbuka mambo mawili: kuondoa maji, na kuutawala moto.