Je, Wajua? Kijiti cha Tura na Kibla

Je, wajua kwamba ukiwa Tura, mkoani Tabora, unaweza kuipata kibla, mwelekeo wa sala, kwa kijiti kitupu? Tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena 16 Julai saa 6:27, jua husimama utosini mwa Alkaaba iliyoko Makka (miaka mingine huwahi siku moja). Saa ya Makka na ya Tanzania ni moja. Chomeka kijiti wima, simama pale kivuli kinapokujia miguuni, ulielekee jua: umeielekea Makka, takriban nyuzi 12 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Pembe, mwanga na sala katika mstari mmoja. Kwangu hakuna hesabu iliyo nzuri kuliko hii. Mwanazuoni Al-Biruni aliikokotoa kibla kwa jiometri ya tufe tangu karne ya 11.

Na Tura inafaa kwa kusimama namna hiyo, kwani ilikuwa kituo cha misafara. Ilikuwa mlango wa mashariki wa Unyamwezi, baada ya nyika ya Mgunda Mkali. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alilieleza jina lake kuwa ni amri kwa wapagazi: tua mzigo.