Asiyekubali Kushindwa si Mshindani, Hata Akiwa Mzazi

Jumamosi moja jioni nilisimama kando ya uwanja wa shule ya msingi mjini Morogoro. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu, na watoto wa darasa la tano na la sita walikuwa wakisakata kandanda. Refa alikuwa mwalimu wao. Alipotoa penalti, baba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliingia uwanjani akiporomosha matusi. Penalti ilipoingia, mama mmoja akamwita golikipa goigoi. Golikipa yule alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Nikajiuliza: mechi hii ni ya nani?

Mtoto wa umri ule anajifunza mengi kwa wakati mmoja: kutuliza mpira, kumwona mwenzake, kumsikiliza mwalimu. Mwalimu anamwambia atoe pasi, baba anapaza sauti, "Piga mwenyewe!" Amtii nani? Akimtii baba, anaiharibu timu. Akimtii mwalimu, nyumbani kuna maneno. Mwisho wake anauogopa mpira wenyewe.

Na refa je? Sheria ya 5 ya soka inasema uamuzi wake juu ya yaliyotokea mchezoni ni wa mwisho. Sheria hiyo hiyo inamruhusu kuuvunja mchezo watu wa nje wakiuingilia. Kwa hiyo baba anayevamia uwanja hamtetei mwanawe, bali anamnyang'anya mchezo.

Chanzo ni nini? Tangu Mbwana Samatta atoke TP Mazembe ya Lubumbashi kwenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, wapo wazazi wanaouona mguu wa mtoto kuwa ni mtaji. Kutumaini si dhambi. Ubaya ni kudai mavuno wakati mche haujashika mizizi.

Tamaa hiyo ikikomaa huzaa vyeti vya umri wa uongo. Serengeti Boys, timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17, ilizikosa fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Hatumnyoshei kidole mzazi yeyote kwa lile. Tunachosema ni kwamba vijana wenye umri halali nao walibaki nyumbani, na kwamba cheti cha mtoto hushughulikiwa na mkubwa.

Basi tufanyeje? Mzazi aje uwanjani, alete maji, ashangilie. Akiwa na lalamiko, amwone mwalimu wa michezo pembeni, mechi ikiisha. Na wakirudi nyumbani, kabla ya kuuliza mabao, aulize, "Umefurahi mwanangu?"

Jioni ile golikipa wetu alirudi nyumbani hatua kumi nyuma ya mama yake, glavu mkononi, kimya.

Tumezoea kuwaambia watoto kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Ndugu wasikilizaji, wametusikia. Sasa wanatutazama.